Mwalimu Kejusi na Jicho la Mama Yake

Miaka ile ya ruksa, Kongwa kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu kafungua genge la mitumba, yule kafungua baa yenye jenereta, mwingine akaona asipitwe, akafungua kanisa. Basi tajiri mmoja wa Dodoma mjini naye akaja kufungua sekondari, na getini akaandikisha kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAFUNDISHA KOMPYUTA NA KIFARANSA. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kochi, na umeme wa kuiwasha ulikuwa haujafika. Kifaransa alikuwa Sostenes.

Sostenes alikuwa kijana wa hapahapa, mtoto wa Bibi Loisi wa ng'ambo ya korongo. Kifaransa alikisoma miaka miwili tu, kidato cha kwanza na cha pili, kwa mwalimu mmoja aliyehama bila kuaga na kuwaachia wanafunzi kitabu cha sarufi. Kile kitabu Sostenes alikihifadhi kichwani ukurasa kwa ukurasa. Lakini kukisikia Kifaransa kikisemwa na mwenye nacho, thubutu! Hata redioni hakuwahi. Alipokuja kuomba kazi aliomba kufundisha jiografia. Mkuu wa shule, Mwalimu Batholomeo, akawauliza waombaji wote, "Kuna anayejua Kifaransa humu?" Chumba kimya. Sostenes akanyoosha mkono. Lo, mkono ule! Heri angeukalia.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu ndio uliompa jina. Hapo palikuwa na jedwali la hali ngumu kuliko zote za vitenzi vya Kifaransa, na Sostenes, badala ya kuanza na salamu na kuhesabu, akawapeleka watoto hukohuko.

"Hii ni laiti," aliwaambia kidato cha pili. "Tena si laiti ya leo, ni laiti ya kiporo. Jambo ulitamani liwe limeshafanyika kabla ya jambo jingine, halikufanyika, na sasa yote mawili yamepita."

Halafu chaki ikalia ubaoni kwa kitenzi cha kuona: que j'eusse vu, que tu eusses vu, qu'il eût vu. Watoto wakaitikia kwa sauti moja mpaka mbuzi wa jirani wakasimamisha masikio. Kitabu chenyewe kilisema chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba Wafaransa wa siku hizi hawaisemi tena hali hiyo midomoni, wanaikuta vitabuni tu. Mstari huo Sostenes aliuruka.

Siku ya wazazi ilipofika, aliwapanga wanafunzi mstari mmoja wakiwa na mashati yaliyopigwa pasi ya mkaa, wakazivurumisha nafsi zote bila kukosea: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Jamani, tulipiga makofi! Hatukuelewa kitu, na ndiyo maana tulipiga sana. Tangu siku hiyo akaitwa Mwalimu Kejusi, kwa jinsi yale maneno ya mwanzo yalivyotuingia masikioni. Bibi Loisi alisimama katikati ya watu akapiga vigelegele, akasema kila mtu asikie, "Mwanangu anasema na Wazungu!" Mzungu mwenyewe alikuwa hajaonekana. Sostenes alisikia, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa wa kweli. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mmoja tu ndiye hakumpigia makofi, naye ni Shaaban, muuza mitumba. Babu zake Shaaban walikuwa Wanyamwezi waliopita hapa na misafara ya pembe, wakachoka, wakabaki. Kwa hiyo yeye na sisi Wagogo ni watani, na mtani hana adabu, wala hadaiwi.

"Kejusi," alikuwa akimwita kutoka mbali kwenye mnada, "niulizie kwa Kifaransa bei ya mlenda!"

"Nyamaza, mpagazi wewe," Sostenes naye humjibu. "Babu yako alilipa hongo ya njia ndiyo akapewa maji ya kunywa hapa."

"Alilipa, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi!"

Wakacheka, wakashikana mikono. Bibi Loisi, Shaaban alimwita mchumba, na akipita pale nyumbani hakuondoka bila kula ugali wa uwele.

Sasa, Bibi Loisi macho yalikuwa yameanza kufunga. Mtoto wa jicho, yote mawili, ila la kushoto ndilo lililotangulia. Kwa hilo alikuwa anaona mwanga tu. Mungu si Athumani, mwaka huo ikaja kambi ya madaktari wa macho, wakatua kwenye majengo ya zamani ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja Mbelgiji, mrefu, mwenye mvi, ambaye lugha yake ilikuwa Kifaransa na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Aliyekuwa akimtafsiria ni Daktari William, wa kwetu huku, aliyesomea udaktari kwao. Jicho la kushoto la Bibi Loisi lilipasuliwa siku ya pili ya kambi, na kila kitu kilikwenda sawa. Wakasema likipona, watarudi mwakani kwa la kulia.

Asubuhi ya kumruhusu mgonjwa, Daktari William hakuwapo. Alikuwa ameitwa Dodoma kufuatilia dawa zilizokwama. Yule daktari Mbelgiji akasimama mbele ya Bibi Loisi akitaka kumpa maagizo ya nyumbani, na hakuna wa kuyapokea. Ndipo watu waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele, "Si Mwalimu Kejusi huyo hapo!" Sostenes alikuwa amekuja kumchukua mama yake, amevaa tai.

Nesi Anyesi, binti wa kanisani kwetu, alimvuta pembeni. "Mwalimu, ukiona huelewi vizuri, sema tu. Daktari William anarudi jioni. Mama atalala hapa siku moja zaidi, hakuna ubaya."

Siku moja zaidi! Kumbe mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Sostenes akatazama foleni, akaona wazazi wa wanafunzi wake wamekodoa macho, akamwona mama yake na bandeji yake amenyanyua uso kwa fahari.

"Sista, unanitania?" alisema. Akacheka kidogo.

Anyesi akarudi kwa wagonjwa wake. Daktari akaanza kusema. Maneno yalimtoka kwa kasi, yameungana, hayana mwanzo wala mwisho. Sostenes akasubiri alipite neno moja analolijua, alidake. Halikupita. Jasho likamtoka usoni. Akasema "Oui," yaani ndiyo. Daktari akamwuliza kitu, akasema "Oui" tena. Daktari akakunja uso, akarudia polepole, akigusa jicho lake mwenyewe, akionyesha barabara, akinyoosha kidole kama anayekanya mtoto. Sostenes akatikisa kichwa kukubali kila kitu.

Kisha akamgeukia mama yake. Watu wote wanangoja. Na yeye akatunga.

"Anasema operesheni imekwenda vizuri, Mama. Hiyo dawa utie matone asubuhi na jioni. Jicho litauma kidogo, hiyo ni kawaida, uvumilie. Urudi wiki ijayo."

Yalikuwa maneno ya busara. Mtu yeyote angeyasema. Ila hakuna hata moja lililotoka kwa daktari.

Mama Mbelgiji alikuwa bado anamtazama, anangoja neno. Na Sostenes, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja pia, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa, akasimama wima akasema, "Que j'eusse vu, que tu eusses vu, qu'il eût vu." Akazimaliza zote sita. Daktari alipigwa na butwaa. Halafu akatabasamu kwa huruma, akampigapiga begani, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Foleni nzima ikapiga makofi. Mama yake naye akapiga, lakini taratibu, na hakupiga vigelegele. Hilo Sostenes aliliona. Akajifanya hakuliona.

Jioni ileile Bibi Loisi akasema, "Baba, linauma."

"Daktari alisema litauma, Mama."

"Haya." Akageukia ukuta wa tembe lake. Wanawake wa Kigogo wa rika lake wamezaa wakiwa shambani na wakarudi na mzigo wa kuni. Ukiwaambia wavumilie, watavumilia.

Kesho yake asubuhi bandeji ilikuwa imelowa. Sostenes aliinua pembe ya kitambaa akaona kope zimevimba na uchafu wa njano umeganda. Hapo alijua. Msiniambie hakujua, alijua. Kambi ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Lakini kwenda kambini ni kwenda kwa Anyesi, na Anyesi atauliza, na Daktari William atakuwa amesharudi. Akafikiria zile sura kwenye foleni. Akafikiria getini pale shuleni, yale maandishi mekundu.

"Tusubiri mpaka kesho, Mama. Nadhani litatulia."

Akaenda kufundisha. Siku hiyo alifundisha hali ya wakati uliopo, ya ukurasa wa mwanzo kabisa wa kitabu, na watoto wakashangaa.

Aliporudi mchana akakuta baiskeli ya Shaaban imeegemezwa ukutani bila robota la mitumba. Shaaban alikuwa amekuja kula ugali wake kama kawaida, akamwona mchumba wake. Hakuwa na utani usoni.

"Wewe Mgogo, una wazimu? Jicho linaoza hili! Unangoja nini?"

Hakungoja jibu. Wakampakia Bibi Loisi kwenye keria, Shaaban akisukuma, Sostenes akimshikilia mama yake mgongoni, vumbi likiwapiga njia nzima. 

Mama Mbelgiji alifungua bandeji, akainuka, akaanza kusema kwa ukali. Daktari William akatafsiri huku akimtazama Sostenes.

"Daktari anasema jana alimwambia mkalimani mara mbili: akisikia maumivu yoyote, hata kidogo, arudi saa hiyohiyo. Alimwuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Mwalimu, hukumwambia mama?"

Anyesi alikuwa pale. Shaaban alikuwa mlangoni. Sostenes akafungua mdomo. 

Bibi Loisi akamtangulia. "Aliniambia," alisema. "Aliniambia yote, mara mbili. Mimi ndiye niliyekaidi. Nilisema siwezi kusumbua watu kwa maumivu madogo."

"Lakini, bibi!" Anyesi akasema kwa uchungu. "Kwa nini?"

"Uzee, mjukuu wangu. Kichwa kigumu."

Na Sostenes akanyamaza.

Jicho lile halikupona. Na maneno, mnajua yanavyotembea. Anyesi hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta mfano wa kuwaonya wagonjwa, na mfano alikuwa nao. "Fuateni maagizo," alikuwa akisema kliniki, "msije mkawa kama Bibi Loisi, aliyeambiwa na mwanawe msomi, akakaidi." Kanisani, kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mtoto akikataa kutumwa huulizwa, "Wewe Loisi nini?" Sostenes alisikia hayo siku moja dukani, akaacha sukari aliyokuwa amepimiwa akatoka nje. Alitembea mpaka kwenye korongo, akakaa chini akajitukana. Kisha akarudi kuichukua sukari.

Mama yake hakumwuliza kitu. Hilo ndilo lililommaliza. Angemtukana, angepona. Siku ya wazazi alikuja kila mwaka, akakaa mbele na jicho lake moja, watoto wakazivurumisha laiti zao, naye akapiga makofi. Sostenes alisimama pembeni na chaki mkononi akitazama chini. Majuto ni mjukuu, wanasema; huyu mjukuu alikuwa ameshaanza kutembea na kusema Kifaransa.

Wale madaktari waliporudi kwa jicho la kulia, Bibi Loisi alikataa. Watu walimsihi. Sostenes alimsihi akipiga magoti.

"Daktari William atakuwepo muda wote, Mama."

"Na asipokuwepo?"

Sostenes akainuka, akajipangusa vumbi magotini.

"Watu watakuita wewe," mama yake alisema. "Niache na haka kamwanga kangu, baba."

Wakasema, ona ukaidi ule! Na kale kamwanga kakazimika mwaka wa mvua kubwa zilizobomoa matembe. Kwa muda wa miaka miwili Sostenes alimshika mama yake mkono kumpeleka uani na kumrudisha. Kila alipomshika alisema moyoni, leo nitasema. Mficha uchi hazai, sote tunajua. Kesho yake akasema kesho.

Bibi Loisi akafa mwezi wa kuvuna karanga.

Msibani, baada ya maziko, watani wakaja na haki yao. Kwetu ndivyo ilivyo: watu wamelia wamechoka, mtani anaingia na nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mchungaji akatazama pembeni. Shaaban akatokea kwenye mlango wa tembe amejifunga kanga ya Bibi Loisi, fimbo yake mkononi, amefumba macho yote mawili, anapapasa ukuta.

"Mbukwenyi!" akaamkia, kwa sauti ileile ya marehemu. Wanawake wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. "Mwanangu yuko wapi? Mwanangu anayesema na Wazungu? Kejusi, Kejusi!"

Watu wakagongana mabega kwa kucheka. Mwalimu Batholomeo akatoa leso. Sostenes alikuwa amekaa kwenye mkeka na sahani ya wali mkononi, akacheka kidogo kama inavyotakiwa.

Shaaban akapapasa mpaka akafika katikati. "Eti mimi mkaidi!" akasema. "Nani kasema? Mnaniita mkaidi mpaka watoto wenu mnawachapia jina langu. Mimi Loisi, nilikuwa na jicho moja siku ile, na hilo jicho lilimwona mwanangu. Alikuwa anatoka jasho kwenye Kifaransa kama mbuzi kwenye mvua! Mkaidi mimi, au mkalimani bubu?"

Lo! Kicheko kilichopasuka hapo kiliwatisha kuku. Watu wakatupa sarafu. "Shaaban huyu atatuua!" wakasema. Shaaban akapapasa mpaka kwenye mkeka, akainama karibu na sikio la Sostenes, akafumbua macho. Sauti ikawa yake mwenyewe.

"Haya, Mgogo. Nimekufungulia mlango. Ingia mwenyewe."

Sostenes akainuka.  "Ni kweli," alisema. "Sikuelewa hata neno moja."

Mungu wangu, walivyocheka! "Mwalimu naye kumbe anajua utani!" Mzee mmoja akajipiga mapaja. Wanawake wakapiga vigelegele. Sostenes akapandisha sauti.

"Sikuelewa neno hata moja alilosema yule daktari. Nilitunga. Mama hakukaidi. Mama alifanya nilivyomwambia."

Wakazidi. Mtu akamrushia sarafu na yeye, ikagonga kiatu. Siku zote alizoficha, walimwamini. Leo anasema kweli, wanamtunza. Akamtazama Shaaban, na Shaaban, ndani ya kanga ya marehemu, hakucheka.

Upande wa jikoni, Anyesi alikuwa amesimama na wenzake, ndoo ya maji mkononi. Alikuwa akicheka kama wote. Kisha kicheko chake kikapungua, kikaisha. Akaitua ndoo, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya mkeka. Akamtazama usoni.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "unatania?"

Sostenes akaweka sahani chini.

"Sitanii, sista."